Jeki haikuteleza, gari ndo ilitembea

Kila niliyemsimulia hiki kisa cha gari yangu kuanguka kutoka juu ya jeki kaniuliza swali lilelile, jeki ilikuwa ya aina gani, na nikimwambia ni ile ya skrubu iliyokuja na gari anatikisa kichwa kama vile kesi imeisha hapohapo. Haijaisha. Ile jeki niliikagua baadae, skrubu nzima, nati yake nzima, mikono imepinda ila imepinda wakati inalala, sio kabla. Jeki ilikuwa inafanya kazi yake vizuri tu. Kilichotokea ni kwamba gari ilitembea ikiwa juu ya jeki, na jeki ya namna ile haijui kutembea. Imenichukua muda kulielewa hili na nataka niliandike lote pamoja na hesabu zake, maana kuna kipande hapo katikati nilikuwa sikijui kabisa pamoja na miaka yote ya kujifanya fundi wa nyumbani.

Gari ni ndogo, ya milango mitano, uzito kama kilo 1000 ikiwa tupu, injini mbele na tairi za mbele ndo zinazovuta, gia za kukanyaga klachi. Hendibreki inashika tairi za nyuma kama gari nyingi za aina hii. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida mno, kubadilisha pedi za breki za mbele, kazi ambayo nishaifanya mara mbili tatu huko nyuma bila tatizo, na nadhani hapo ndo ugonjwa ulipoanzia, ukishafanya kitu mara tatu bila kuumia unaanza kudhani unakijua. Gari nimeegesha kwenye sakafu ya zege, kwa macho imenyooka kabisa. Nikavuta hendibreki, nikaweka gia ya kwanza, nikazima, ufunguo mfukoni. Kabari za tairi sikuweka. Zilikuwepo, vipande viwili vya mbao nilivyovikata mwenyewe zamani, vipo palepale ukutani, ila nikajiambia hapa ni tambarare, hendibreki ipo, gia ipo, kabari za nini.

Nikalegeza nati nikiwa bado chini, hiyo nilifanya sawa. Tairi ya mbele kushoto ina nati nne, tatu zikalegea, ya nne ikagoma. Imeshikwa na kutu, au aliyefunga mara ya mwisho alitumia mashine ya upepo akajisahau. Nikaivuta, nikaikanyaga, wapi. Sasa mtu mwenye akili hapo anasimama anatafuta mafuta ya kulainisha kutu, mi nikasema hii nitaimalizia ikiwa juu. Hii sentensi ndo imeniletea yote yanayofuata.

Nikaweka jeki kwenye alama yake chini ya mlango wa mbele, nikazungusha mpaka tairi ikaacha ardhi kama sentimita tano hivi. Mdogo wangu alikuwa ananisaidia, yeye kazi yake kushika nati na kuniletea vitu. Nikatoa zile nati tatu zote nikaziweka kwenye kifuniko cha tairi, dogo akakipiga teke kwa bahati mbaya, nati moja ikabingirika chini ya gari, karibu kabisa na jeki. Mimi huku nimerudi kwenye ile nati sugu. Nikaweka spana, nikachomeka bomba kuiongezea urefu, nikajaribu kwa mkono, na nikagundua kitu kilichonifurahisha: tairi haizunguki. Ipo hewani lakini imeshikwa. Nikasema aah safi, gia imeishikilia, basi naweza kutia nguvu. Nikapanda na mguu kwenye bomba.

Nilitegemea kusikia ule mlio wa nati kuachia. Badala yake nikaona tairi inazunguka taratibu, kidogo sana, kama mshale wa dakika ukirudishwa nyuma dakika mbili hivi kutoka kwenye kumi na mbili, wala hazikufika. Nikadhani nati imelegea. Dogo ndo aliyeona kitu halisi, yeye alikuwa amechuchumaa upande, mkono ndo kwanza ameutoa chini ya gari na nati yake ameishika, akapiga kelele, "Kaka toa mguu, gari inarudi!" Nilipogeuza macho kwenye jeki ilikuwa imeshainama kama mtu anayesinzia kwenye benchi, nusu sekunde nyingine ikalala, gari ikashuka pwaa kwenye tairi yake, spana na bomba vikaruka.

Hakuna aliyeumia. Ukingo wa bodi pale kwenye alama ya jeki ulikunjika upana wa kidole, jeki ikapinda, basi. Na sababu ya kuishia hapo ni moja tu, ile nati iliyonikera asubuhi nzima ilikuwa bado inashika tairi mahali pake, kwa hiyo gari iliposhuka ilikuta tairi. Kama ingekuwa imeachia dakika kumi kabla, tairi ingekuwa nimeshaiweka pembeni, ningekuwa nimeinamia kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, na gari ingeshukia diski.

Siku ile sikugusa tena gari. Kesho yake nikaanza uchunguzi, na nikaanza na ile sakafu "tambarare".

Nilichukua ubao ulionyooka wa mita mbili, nikaulaza kufuata urefu wa gari, juu yake nikaweka pimamaji. Povu likakimbilia upande wa pua ya gari. Nikawa naweka vipande vya mbao chini ya ncha ya nyuma mpaka povu likae kati, nikapima: sentimita nne. Sentimita nne kwenye mita mbili ni mbili kwa mia, jicho halioni kabisa, na ukifikiria sio ajabu, sakafu nyingi za kuegeshea zinamwagwa na mwinamo kidogo makusudi ili maji ya mvua yakimbie. Sasa fanya hesabu, gari ya kilo 1000 kwenye mwinamo wa mbili kwa mia inavutwa chini kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 20. Na tairi zenye upepo wa kutosha kwenye zege ngumu zinakataa kuzunguka kwa nguvu ya kama kilo moja hadi moja na nusu kwa kila kilo mia, yaani kwa gari hii kilo 10 hadi 15. Kwa hiyo gari yangu ikiachiwa huru pale ilikuwa inaondoka yenyewe bila kusukumwa. Nimeegesha hapo siku zote na sikuwahi kujua, maana siku zote ilikuwa imeshikwa na kitu.

Kitu gani sasa. Hendibreki, nikaijaribu. Mkono wake ulikuwa unapanda mpaka unalia mara kumi na moja ndo unakaza, na mwenyewe nilishauzoea nikaona ndo tabia yake. Nikasogeza gari sehemu iliyonyooka kweli, nikavuta hendibreki, gia huru, nikamwambia dogo asukume peke yake kutoka mbele. Ikasogea. Sio kwa urahisi, aliguna, lakini ilisogea. Kebo imelegea na viatu vya breki vya nyuma vimeisha, na kwa miezi sijui mingapi gari ilikuwa inasimama kwa sababu ya gia peke yake.

Na hapo ndo tunafika kwenye gia, kile kipande nilichosema sikijui. Mimi imani yangu ilikuwa gari ikiwa kwenye gia tairi za mbele zimefungwa, kama umezifunga mnyororo. Nikamwendea mzee mmoja fundi, ambaye tangu nikiwa mdogo namuona amelala chini ya magari, nikamuelezea. Hakuniambia kitu, akanipeleka kwenye gari ndogo aliyokuwa ameinua tairi zote mbili za mbele juu ya stendi, ile miguu ya chuma ya kubebea gari, akaingiza gia ya kwanza, akaniambia, "Zungusha hiyo ya kwako, mwanangu." Nikaishika tairi ya kushoto nikaizungusha kwenda mbele, nikitegemea igome. Ikazunguka laini kabisa. "Njoo sasa uangalie huku." Tairi ya kulia ilikuwa inazunguka kurudi nyuma, kiasi kilekile.

Ndo difu hiyo. Kazi ya difu ni kuruhusu tairi mbili zipishane mwendo unapokata kona, ya nje itembee zaidi ya ya ndani. Gia inafunga kile kikombe cha katikati cha difu, haifungi tairi moja moja. Kikombe kikisimama, zile gia ndogo za ndani bado ziko huru, tairi moja ikienda mbele nyingine inarudi nyuma. Zote mbili zikiwa ardhini hiyo haiwezekani, maana gari haiwezi upande mmoja iende mbele na mwingine nyuma, kwa hiyo zinabanana na gari inatulia. Inua moja tu, mchezo umebadilika. Ile ya hewani haina cha kuizuia, inazunguka inavyotaka, na ile ya chini inakuwa huru kubingirika na gari nzima. Kwa hiyo kwenye gari inayovutwa na tairi za mbele, ukiinua tairi moja ya mbele gia yako haikusaidii chochote, na gari ya otomatiki ikiwa kwenye P, ile gia ya kuegeshea, ni hivyohivyo, kile kijino cha P nacho kinashika upande wa difu, hakishiki tairi. Umebaki na hendibreki na kabari. Mimi hendibreki yangu ni ile ya dogo anasukuma peke yake, na kabari ziko ukutani zinapigwa picha.

Mzee alivyoona nimeanza kuelewa akaniuliza, "Na ulikuwa unafungua nati ya tairi ipi?" Nikamwambia ya mbele kushoto. Akacheka mpaka akakaa chini. Ilinichukua dakika nzima kujua anacheka nini.

Angalia. Nati zinafunguka kwa kuzungusha kinyume na saa. Ukisimama upande wa kushoto wa gari ukaitazama, pua ya gari iko kushoto kwako, na tairi ikizunguka kinyume na saa maana yake inazunguka kuelekea mbele. Kwa hiyo nati ikigoma, nguvu yote ninayotia kwenye spana inaenda kuzungusha tairi kuelekea mbele. Tairi hiyo ipo hewani, imeunganishwa kupitia difu na ya kulia, na ya kulia ipo ardhini. Kushoto ikienda mbele, kulia inataka kurudi nyuma. Yaani mimi pale nimekanyaga bomba nilikuwa naendesha gari kwenda rivasi kwa mguu wangu mwenyewe, kutoka nje! Ile niliyodhani gia imeishikilia tairi kwa ajili yangu, kumbe kilichokuwa kinaishikilia ni ile tairi nyingine kugoma kubingirika, na mimi nikawa nazidi kuibembeleza ikubali.

Na nguvu yake sio ndogo. Tuseme nati ilikuwa inahitaji Nm 100 tu (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), ingawa kwa ilivyogoma lazima ilikuwa zaidi, hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 20 kwenye ncha ya spana ya nusu mita. Kiasi hichohicho kinatokea kwenye tairi ya kulia, na tairi ya gari ndogo ina nusu kipenyo kama sentimita 28, kwa hiyo pale chini inasukuma gari kwa nguvu ya kama kilo 36. Jumlisha na zile 20 za mwinamo, ambao nao ulikuwa unashuka kwenda nyuma, upande uleule. Zaidi ya kilo 50 zinaisukuma gari kurudi nyuma, na anayezuia ni ule ukinzani wa kilo 10 au 15 na hendibreki ya kuchoka. Ikikaa hapo ni muujiza. Kama ningekuwa nafungua tairi ya kulia ingekuwa kinyume chake, spana ingesukuma gari kwenda mbele, kupanda kile kimlima, na inawezekana kabisa nisingepata hiki kisa cha kuandika na ningeendelea kufanya ujinga uleule mwaka mwingine mzima.

Sasa kwa nini sentimita chache tu zilitosha kulaza jeki. Hii nimeiona nilipoisimamisha ile jeki mezani nikaiangalia kwa makini. Jeki ya skrubu inawekwa hivi kwamba skrubu yake inatokeza nje ubavuni mwa gari ili upate pa kuzungushia. Mikono yake inatanuka kufuata huo upana wa gari. Ukiitazama kutoka ubavuni ni nyembamba, kitako chake upande huo ni sentimita nane. Maana yake kwa upande ambao gari inabingirika, mbele na nyuma, ndo upande ambao jeki ni dhaifu kuliko pande zote, nusu ya kitako ni sentimita nne. Gari ikisogea sentimita nne au tano uzito unakuwa umeshatoka nje ya kitako, na hapo hakuna jeki tena, kuna fimbo inayoanguka. Na gari ikiwa na injini mbele, mbele ndo kuzito, kama asilimia 60 ya uzito, kwa hiyo kona ile moja ina kilo 300 zinazosubiri.

Watu wengi hapa wananiambia dawa ni kununua jeki ya magurudumu, ile ndefu ya mafuta. Ninayo sasa, naipenda, lakini haijibu kisa hiki. Kitako chake ni kipana na haianguki kirahisi, sawa, ila nayo ina tabia yake, kichwa chake hakipandi wima, kinapanda kwa kuzungusha mkono kama mlango unavyofunguka, kwa hiyo kikipanda kinasogea na pembeni, na jeki lazima ijivute kwenye vigurudumu vyake kufidia. Ukiiweka kwenye changarawe au mchanga au kijiwe kikabana kigurudumu, haijivuti, na badala yake kichwa kinaburuta chini ya bodi au kinaivuta gari. Na mafuta nayo yana siku yake, sili ikichoka inashuka polepole bila kukuaga. Jeki ya aina yoyote ni ya kuinulia, kukaa chini ya gari ni kazi ya stendi.

Haya, marudio. Nilirudia kazi siku tatu baadae na naeleza nilivyofanya kwa sababu ilinichukua dakika kumi na tano zaidi tu.

Nati sugu kwanza. Usiku niliipulizia mafuta ya kutu, asubuhi tena, tairi ikiwa ardhini, gari imetulia, nikakanyaga spana na ikaachia kwa mlio mmoja mkubwa kama bastola. Ingekataa ningeipeleka gereji ikiwa na tairi zake nne chini, siinui tena gari yenye nati ambayo haijalegea. Zile nyingine nikazilegeza nusu mzunguko, sio zaidi, na zikabaki hivyo mpaka gari ilipokuwa juu.

Gari niliihamishia sehemu nyingine niliyoipima na pimamaji, sio tambarare kabisa ila mwinamo ni chini ya nusu ya ule wa kwanza, na nikaigeuza nikijua upande wa kushuka ni upi, nyuma. Kabari nikaweka kwenye tairi zote mbili za nyuma, na hapa nilikuwa mchoyo kidogo wa mbao mwanzoni nikataka kuweka upande wa kushuka tu, halafu nikakumbuka hadithi ya spana ya kushoto na kulia, nikakata nyingine mbili nikaweka mbele na nyuma ya kila tairi. Nilizikata kwenye boriti, urefu wake wa kwenda juu ni kama robo ya kimo cha tairi, uso ulioinama na kitako kinachokaa chini chote. Jiwe la duara usiliweke, nimewaona watu wanaweka jiwe kama embe kisha wanaridhika, tairi ikilisukuma nalo linabingirika pamoja. Na kabari inapigwa mpaka iguse tairi kabla ya kuinua. Ukiacha nafasi ya vidole viwili umeiruhusu gari sentimita tatu nne, na tumeshaona sentimita nne zinafanya nini.

Hendibreki nilivuta pia, gia nikaweka, haina madhara, ila kichwani nilikuwa nimezifuta zote mbili, nikafanya kama hazipo.

Kuinua. Chini ya bodi kuna mshono wa bati unaotembea kwa urefu wa milango, na karibu na kila tairi kuna vikata viwili vidogo, katikati ya hivyo vikata bati limeongezewa nguvu, hapo ndo jeki inakaa. Nje ya hapo ni bati tupu linakunjika, nina ushahidi. Sio kwenye kasha la oili, sio kwenye sakafu ya gari, sio kwenye ule mkono wa chini wa tairi kwa sababu unacheza juu chini na tairi. Kwenye kichwa cha jeki niliweka kipande cha mpira chenye mfereji ili mshono uingie humo usipondwe. Nikapandisha kidogo, tairi ikaacha ardhi unene wa daftari, nikasimama. Nikaenda nyuma kuangalia kabari, nikarudi kuangalia jeki imesimama wima au imeanza kuinama, dogo nikamwambia asimame mbali na asiokote kitu chochote kikidondoka, kidondoke kibaki hukohuko. Ndo nikaendelea kupandisha.

Stendi iliingia chini ya ile sehemu ngumu nyuma ya tairi ambayo kitabu cha gari kinaionyesha, pini ikapita yote ikatokeza upande wa pili. Nina stendi za pini, sio za meno. Za meno nazo ni nzuri zikitengenezwa vizuri, ila mwaka 2020 huko Marekani kulikuwa na stendi nyingi za tani 3 na tani 6 zilizoitwa zirudishwe kwa sababu jino lilikuwa halishiki sawasawa na stendi inaweza kushuka ghafla, na tangu nimelijua hilo nikiona stendi ya meno huwa naisukuma ile fimbo ya kufungulia chini kwa mkono kuhakikisha imekaa kabisa. Pia soma kibandiko cha uzito, wengine wanaandika uwezo wa stendi moja, wengine wanaandika wa jozi. Na tofali, nitasema haraka, tofali halisimami kwenye nafasi ya stendi hata likiwa zito vipi, lile la matundu hasa, linabeba vizuri uzito uliosambaa lakini ukilikandamiza sehemu moja na chuma linapasuka lote kwa mpigo na halitoi dalili.

Nikashusha jeki taratibu mpaka uzito ukakaa kwenye stendi, halafu jeki nikairudisha juu kidogo iguse tu bodi, ibaki hapo kama mlinzi wa akiba. Kisha kitu ambacho watu wanaona aibu kukifanya, nikasimama pembeni nikaisukuma gari kwa nguvu, mbele nyuma, kushoto kulia, mara kadhaa. Kama itaanguka ianguke sasa hivi wakati mimi nimesimama. Haikutikisika. Nikatoa tairi nikailaza chini ya bodi nyuma ya stendi, hiyo ni bure na tairi umeshaitoa tayari, inapunguza umbali wa gari kushuka endapo vyote vimeshindwa.

Pedi zenyewe hazina hadithi, dakika ishirini kila upande.

Kurudisha, nyuzi nilizipiga brashi ya waya nikapangusa yale mafuta ya kutu yaliyobaki, maana nyuzi zenye mafuta zinateleza na unajikuta umekaza kupita kiasi huku spana inakuambia kitu kingine. Nati kwa mkono kwanza, kwa msalaba, ukitoka moja unaenda ya upande wa pili, mpaka tairi ikae flati kwenye habu, kile kitovu inapofungwa. Ile tairi ilishatoka chini ya bodi wakati naifunga, ilibaki stendi, nikapandisha jeki, nikaitoa stendi, nikashusha mpaka tairi ikagusa ardhi, ndo nikakaza kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Gari yangu kitabu kinasema Nm 100, gari ndogo nyingi zinacheza kati ya 80 na 120, angalia ya kwako. Baada ya kuendesha kama kilomita 80 nilizipima tena, moja ilikubali kidogo.

Kabla ya kuwasha gari nilikanyaga breki nikiwa nimekaa. Kanyago la kwanza likazama mpaka chini kabisa, la pili nusu, la tatu likawa gumu, hiyo ni kawaida baada ya kurudisha pistoni ya kalipa nyuma ili pedi mpya ziingie, lakini ukisahau ukawasha na kuondoka utagundua mahali pabaya.

Mwisho nikaenda kutoa kabari. Za mbele ya tairi zilitoka kwa vidole. Ya nyuma kushoto ikagoma, nikaivuta, nikaipiga teke, ikabidi nilete nyundo, mapigo matatu ndo ikatoka, na kwenye uso wake ulioinama tairi ilikuwa imechora alama zake zote, kila mstari.